Komunyo ya Kwanza: Mtoto Huulizwa Nini?

Katika parokia za Kongo, shule zinapofunguliwa mwezi wa Septemba, kazi nyingine nayo huanza. Siku ya Dominika, kabla ya baraka ya mwisho ya Misa, tangazo hutolewa: watoto wanaotaka kupokea Komunyo ya kwanza mwaka huu waje Jumamosi, pamoja na mzazi au mlezi wao, na kadi ya Ubatizo mkononi.

Jumamosi kiwanja cha kanisa hujaa watoto. Wengine wamekuja na mama zao. Mmoja ameletwa na nkambo wake, mwingine amekuja peke yake, na mdogo wake yuko mgongoni. Mwalimu wa dini ameketi penye meza ndogo chini ya mwembe, daftari lake liko mbele yake. Huuliza polepole, maana watoto wengine huogopa: "Jina lako nani, mwanangu? Ulibatizwa wapi? Ninyi ni wa shirika gani?" Shirika ni lile kundi la jamaa za jirani wanaosali pamoja na kusaidiana. Watu wa shirika wanamjua mtoto na nyumba yao, na ushuhuda wao husikilizwa.

Watoto hao si wa namna moja. Wengine walibatizwa wangali wachanga. Wengine wana miaka tisa au kumi nao hawajabatizwa bado. Hawa wa pili huingia katika ukatekumeni kama watu wazima, na kwa kawaida hubatizwa usiku wa Pasaka na kupokea Komunyo papo hapo. Lakini wengi chini ya mwembe ni wale wa kwanza, waliokwisha kubatizwa, na habari hii ni juu yao hasa.

Pengine yuko mtoto asiye na kadi. Labda nyumba yao iliungua. Labda jamaa yake walikimbia vita usiku, wasichukue kitu ila sufuria na blanketi. Katika Kivu, katika Ituri na pande za Tanganyika watoto wa namna hiyo ni wengi. Je, arudishwe nyumbani? Sivyo. Kadi ni karatasi tu. Ubatizo wenyewe haukuungua, wala haukupotea njiani.

Kila parokia ina kitabu kikubwa cha Ubatizo. Ndani yake padri huandika jina la mtoto, majina ya wazazi wake na ya msimamizi wake, jina la aliyembatiza, mahali na siku ya Ubatizo, tena mahali na siku aliyozaliwa. Kadi inatokana na kitabu hicho. Basi kadi ikipotea, padri wa parokia mpya humwandikia padri wa parokia ya zamani, na jibu huja. Na kama kitabu nacho kimeungua? Hapo hutafutwa shahidi mmoja mwaminifu, kwa mfano msimamizi, au shangazi aliyekuwapo siku ile. Neno lake latosha. Ubatizo hautolewi mara mbili kwa mtu mmoja, kama vile mtu hazaliwi mara mbili na mama yake. Ila kama watu wameulizwa vema na mashaka bado yapo, padri hubatiza akisema kwanza, "Kama hujabatizwa".

Majina nayo yana mambo yake. Wote mnamjua Mwenyeheri Anuarite, sista aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, naye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Jina lake la kwao lilikuwa Nengapeta. Anuarite lilikuwa jina la dada yake, nalo liliandikwa shuleni mahali pa jina lake siku ya kuandikishwa. Likabaki hivyo, hata Roma likafika. Kwa hiyo mwalimu akiuliza jina, mtoto aseme kwa sauti, na mzazi atazame linavyoandikwa.

Basi mafundisho yanaanza. Watoto hukutana kila juma mpaka karibu na mwezi wa Mei au Juni. Hufundishwa Ishara ya Msalaba, Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, sala ya kutubu na Amri Kumi za Mungu. Husikia habari za Yezu Kristu: kuzaliwa kwake Betlehemu, karamu ya mwisho pamoja na mitume, kufa kwake msalabani, kufufuka kwake. Huzoeshwa kuijua Misa, kwa nini watu husimama wakati wa Injili, na kwa nini husujudu altare inapoinuliwa Hostia.

Watoto wengi hufikiri kwamba kazi yote ni kushika maneno kichwani. Hukaa jioni penye moto wakirudia, na kaka zao wakubwa huwasikiliza na kuwacheka wakikosea. Kushika maneno ni jambo jema. Mtu mzee akilala mgonjwa, macho hayaoni na masikio ni mazito, bado anaweza kusema Baba Yetu aliyofundishwa akiwa na miaka saba. Lakini kasuku wa msituni naye, akifungiwa nyumbani na kufundishwa kila siku, atasema Salamu Maria bila kosa. Padri hatampa Komunyo. Tena yuko mtoto mwingine ambaye ulimi wake ni mzito, hurukaruka maneno ya Nasadiki, lakini akiulizwa, "Katika Komunyo utampokea nani?" hujibu mara moja, "Yezu." Mwalimu mwenye busara hamkatai mtoto huyu.

Maana sheria ya Kanisa yenyewe yataka nini? Mambo machache. Yataka mtoto awe amefika umri wa akili, yaani karibu miaka saba. Yataka awe amefundishwa kwa uangalifu, aelewe fumbo la Kristu kadiri ya uwezo wake, na aweze kuupokea Mwili wa Bwana kwa imani na heshima. Yataka aungame kwanza. Ndiyo hayo. Na mtoto akiwa katika hatari ya kufa, hutakiwa machache kuliko hayo: atambue tu kwamba Mwili wa Kristu si chakula cha kila siku, na aupokee kwa heshima.

Haikuwa hivyo sikuzote. Katika Kanisa la zamani hata watoto wachanga walipewa Ekaristia siku ya kubatizwa, na Makanisa ya Mashariki hufanya hivyo hata leo. Pande za Magharibi desturi hiyo ilikoma polepole. Mwaka 1215 maaskofu waliokusanyika Laterano, mjini Roma, waliamuru kwamba kila mkristu aliyefika umri wa akili aungame walau mara moja kwa mwaka na kupokea Komunyo wakati wa Pasaka. Lakini umri wa akili ni upi? Hapo watu walianza kuvutana. Wengine walisema ni miaka saba kwa maungamo, lakini kwa Komunyo ni kumi, au kumi na miwili, au hata kumi na minne. Walifikiri kwamba ni lazima mtoto ajue mengi kwanza, na kwamba Komunyo ni kama zawadi ya mtu aliyekwisha kuwa mwema. Hivyo watoto walikaa miaka mingi mbali na altare, na wengine walikufa bila kumpokea Yezu hata mara moja.

Papa Pio X aliyageuza mambo hayo. Alizaliwa mwaka 1835 katika kijiji cha Riese, nchi ya Italia, kwa watu maskini. Jina lake lilikuwa Giuseppe Sarto. Alikuwa padri wa vijijini muda wa miaka, akawafundisha watoto katekisimu yeye mwenyewe. Akawa Papa mwaka 1903. Tarehe 8 Agosti 1910 ilitolewa kwa amri yake barua iitwayo Quam singulari. Ilisema kwamba umri wa Komunyo na umri wa maungamo ni umri mmoja, nao ni karibu miaka saba, zaidi au pungufu. Ilisema pia kwamba mtoto hahitaji kuijua dini yote kwa ukamilifu. Yatosha ayajue mafumbo ya lazima kwa kadiri ya akili yake, na aweze kupambanua mkate wa Ekaristia na mkate wa kawaida. Mengine atayasoma polepole anapokua. Watu wazima wengi walistaajabu, na wengine walinung'unika. Pio X alikufa mwaka 1914, na mwaka 1954 akatangazwa Mtakatifu.

Sasa mtoto mwenye akili atauliza: kama ni hivyo, kwa nini wazee wa Tanganyika walingojeshwa sana? Swali hilo ni zuri. Mapadri Weupe, ambao shirika lao lilianzishwa na Askofu Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, walifika upande huu wa ziwa Tanganyika karibu na mwaka 1880. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Mpala, na baadaye, mwaka 1893, wakaanzisha misioni ya Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo karibu na Moba. Lavigerie aliwaamuru wasiwe na haraka ya kubatiza. Mtu aliyetaka dini alifundishwa muda wa miaka minne. Kwanza alikuwa mwanafunzi wa mwanzo, akapewa medali ya kuvaa shingoni. Halafu akawa mkatekumeni. Mwishoni tu, kama mwenendo wake ulikuwa mwema, alibatizwa. Nyakati zile watumwa walikuwa wakipitishwa ziwani, na watu wengi walikimbilia misioni ili wapate ulinzi na chakula. Mapadri walitaka kujua kama mtu anamtafuta Mungu au anatafuta ukuta wa kujificha. Si ajabu, hata mtu mwenyewe pengine hakujua, na miaka minne ilimsaidia kujijua.

Mafundisho hayo ya muda mrefu yalileta matunda. Stefano Kaoze, aliyesoma Mpala akiwa kijana, akawekwa wakfu Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, ndiye Mkongomani wa kwanza wa nyakati hizi kupata upadri.

Lakini tazameni tofauti. Mkatekumeni yule alikuwa bado nje ya mlango, na mtu huchunguzwa kabla ya kuingia nyumbani. Mtoto aliyebatizwa yu ndani tayari. Ni mtoto wa nyumba, tena ana njaa. Mtoto wa nyumba haulizwi maswali ya mgeni. Hufundishwa kunawa mikono na kukaa vizuri, halafu hupewa chakula.

Hata kwa wakatekumeni, kungoja kulikuwa na mwisho hatari ilipokuja. Katika Uganda, mwaka 1886, Mfalme Mwanga alikuwa akiwaua wakristu. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei, Karoli Lwanga aliwabatiza wakatekumeni wachache kati ya vijana wa ikulu. Mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa karibu miaka kumi na minne. Lwanga hakuwa padri. Lakini katika hatari ya kufa mtu yeyote aweza kubatiza, akimwagia maji kichwani na kusema maneno ya Ubatizo kwa nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa. Tarehe 3 Juni Kizito alichomwa moto Namugongo pamoja na wenzake.

Turudi kwa mtoto wetu na mkate wake. Mkate wa Misa watoka wapi? Ni unga wa ngano na maji, basi. Hapana chachu, hapana chumvi, hapana sukari. Ngano haipendi joto la ukingo wa ziwa. Hustawi penye baridi, kama katika milima ya Lubero. Kwa kawaida masista ndio wanaotengeneza hostia. Huukoroga unga uwe mwepesi, huumimina kati ya vyuma viwili vyenye moto, hubana, na baada ya dakika chache hutoka karatasi nyeupe ya mkate. Halafu huikata viduara vidogo. Hostia ambayo haijawekwa wakfu ni mkate tu. Mwalimu huwapa watoto hostia za namna hiyo siku ya mazoezi, wapate kujua ladha yake wasije wakashtuka. Wengine hucheka: "Haina ladha yoyote!" Ni kweli. Si tamu kama mkate wa dukani, wala haishibishi kama ugali na sombe.

Lakini katika Misa padri huyasema juu ya mkate na divai maneno aliyoyasema Yezu katika karamu ya mwisho. Tangu hapo, kwa macho ni mkate ule ule, kwa ulimi ni ladha ile ile, lakini Kanisa laamini kwamba ni Yezu Kristu mwenyewe, mzima. Hata chembe moja ikianguka, huokotwa kwa heshima. Hilo ndilo jambo ambalo mtoto hutakiwa kulitambua. Hatakiwi kulieleza. Wanafunzi wakubwa wa mambo ya dini wameandika vitabu vinene juu yake, nao bado wanaandika.

Kabla ya kupokea, mtoto hafungi chakula muda mrefu kama zamani. Wakati wa nkambo zetu mtu hakula wala kunywa kitu tangu usiku wa manane, hata tone la maji. Watoto waliotoka vijiji vya mbali walitembea alfajiri na njaa, na wengine walizimia kanisani. Mwaka 1953 Papa Pio XII aliruhusu kunywa maji. Mwaka 1957 alipunguza kufunga kuwe saa tatu tu, na tangu mwaka 1964 ni saa moja kabla ya Komunyo. Maji na dawa havikatazwi, na wagonjwa hawafungwi na sheria hiyo. Hivyo mtoto aliyekula uji asubuhi mapema asilie, anaweza kupokea.

Jambo linaloogopesha watoto kuliko mtihani wa katekisimu ni maungamo. Usiku wa kuamkia siku hiyo wengine hawalali. Hujiuliza: padri atanikasirikia? Atamwambia baba? Atanitazama vibaya nitakapokutana naye njiani? Inafaa hofu hizo zijibiwe moja moja, maana mtoto mwenye hofu huficha dhambi, na akiisha kuificha hupata hofu kubwa zaidi.

Padri hamwambii mtu. Si baba, si mama, si mwalimu wa shule, si jaji, si askofu. Hiyo ni siri ya maungamo, na padri akiivunja makusudi hutengwa na Kanisa. Hata akitishwa kwa bunduki, hana ruhusa kusema. Wala padri hashangai. Amekwisha kusikia dhambi nyingi kuliko majani ya mwembe ule, na za mtoto wa miaka minane si mpya kwake. Yeye mwenyewe huenda kuungama kwa padri mwingine, apige magoti kama watoto.

Namna yake ni nyepesi. Kwanza mtoto hufikiri: amefanya nini kwa Mungu, kwa wazazi, kwa wenzake? Halafu husikitika kweli na kukusudia kuacha. Halafu husema. Aseme wazi, kwa maneno ya nyumbani. Mtoto aliyechukua ndakala katika kapu la mama mdogo aseme, "Niliiba ndakala za mama mdogo, mara tatu au nne." Asiseme tu, "Nilifanya vibaya." Mganga hawezi kukutibu ukimwambia, "Naumwa," bila kuonyesha mahali. Wala asiseme dhambi za dada yake. Dada atakuja mwenyewe. Padri humpa shauri na malipizi, mara nyingi sala fupi, halafu humwondolea dhambi kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Kama mtoto ameiba kitu na bado anacho, sharti akirudishe. Kama ndakala zimekwisha kuliwa, anaweza kumsaidia mama mdogo kuchota maji au kuosha vyombo. Mama mdogo hahitaji kujua sababu.

Sasa lafuata jambo zito, ambalo halimo katika katekisimu. Kila mwaka, majuma machache kabla ya sikukuu, watoto wengine huacha kuja chini ya mwembe. Wamejifunza vema, wanajibu vema, lakini hawaonekani tena. Mwalimu akiuliza, mdogo mtu hujibu, "Mama anasema tungoje mwaka ujao." Mwaka ujao nao hupita. Kwa nini? Kwa sababu ya nguo na karamu. Jirani atamvalisha mtoto wake kanzu nyeupe ya duka yenye maua na viatu vipya; ataita wageni, ataleta vinywaji na muziki na mpiga picha. Mama mwenye watoto sita, anayeuza mihogo sokoni, huhesabu franka zake na kuona haya. Asema moyoni: heri asipokee kuliko wachekwe.

Neno hili lasikitisha, tena si la haki. Hakuna sheria ya Kanisa inayotaka kanzu ya duka. Nguo nyeupe ni kumbukumbu ya ile nguo nyeupe anayovikwa mtu siku ya Ubatizo, nayo mtoto alikwisha kuipata. Hakuna sheria ya karamu, wala ya picha. Katika parokia nyingine padri na wazazi wamekubaliana kwamba watoto wote watakuja na nguo zao za shule, shati jeupe na suruali au sketi ya buluu, zimefuliwa na kupigwa pasi. Wakisimama mstari mmoja mbele ya altare, huwezi kumtambua mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa muuza mihogo. Mahali pengine masista wamefanya kanzu rahisi, ambazo huazimwa na kurudishwa kwa mwaka wa pili. Na shirika laweza kupika pamoja: huyu analeta unga, yule sombe, wa tatu ndakala, na watoto wote wa shirika hula sinia moja. Karamu ya namna hiyo huleta furaha, na hakuna anayebaki na deni.

Mtoto mwenyewe hawezi kuamua mambo ya fedha. Lakini anaweza kumwambia mama yake kwa adabu, "Mama, nguo yangu ya shule yatosha." Mama wengi hungojea neno hilo. Na ikiwa mama bado anaona haya, mtoto amwambie mwalimu wa dini, au mmoja wa wazee wa shirika, nao watakwenda kuongea nyumbani polepole. Mapadri wengi wamefanya safari ya namna hiyo jioni, wakakaa kwenye kiti kidogo uani, wakarudi na mtoto mmoja zaidi katika hesabu.

Siku yenyewe hupita upesi. Watoto huingia kwa maandamano, kwaya huimba, ngoma hulia, mama hupiga vigelegele. Wakati wa Komunyo kila mtoto husogea. Padri husema, "Mwili wa Kristu," naye hujibu, "Amina." Neno hilo dogo maana yake, "Ndivyo, nasadiki." Halafu hurudi mahali pake na kunyamaza kidogo. Hapo mtoto anaweza kumwambia Yezu jambo lolote, hata la mbuzi aliyepotea au la baba aliye mgodini.

Dominika inayofuata ndipo huonekana nani ameelewa. Wale walioona kwamba sikukuu imekwisha hubaki nyumbani. Wengine huja tena na nguo ile ile, pasipo ngoma wala picha, wakapokea mara ya pili. Komunyo ya kwanza huitwa ya kwanza kwa sababu ziko nyingine nyuma yake.

Baadaye hufuata Kipaimara. Kwa kawaida hutolewa na askofu, anapozitembelea parokia, na umri hupangwa na maaskofu wa nchi. Askofu humpaka mtoto krisma katika paji la uso. Ni mafuta yenye manukato, ambayo askofu mwenyewe huyaweka wakfu kila mwaka karibu na Pasaka. Zamani askofu alimpiga mtoto kofi jepesi shavuni, alama ya kuwa tayari kuteseka kwa ajili ya imani. Watoto walilingojea kofi hilo kwa woga mwingi, na kumbe lilikuwa kama mguso wa nzi. Tangu mwaka 1971 halimo tena katika ibada. Msimamizi husimama nyuma na mkono wake begani mwa mtoto. Awe mkatoliki aliyekwisha kupata Kipaimara, mwenye miaka kumi na sita au zaidi, wala asiwe baba au mama wa mtoto. Habari ya siku hiyo huandikwa nayo katika kile kitabu cha Ubatizo, hata kama parokia ya Ubatizo iko mbali.

Imebaki habari ya mtoto asiyeweza kuja kanisani. Yuko mgonjwa siku ya wenzake, au miguu yake haitembei, au yuko hospitalini na mama anamlinda. Watu husema mara nyingi, "Maskini, amekosa." Hakukosa. Yafaa mtu aende kumwambia padri, tena upesi kama ugonjwa ni mkali. Padri ataungamisha mtoto huyo kitandani na kumletea Ekaristia, iwe asubuhi au usiku. Kama mgonjwa hawezi kumeza ila kidogo, hupewa kipande kidogo cha Hostia na maji kidogo.

Wenzake wanaweza kuitengeneza nyumba. Wafagie uwanja na chumba. Waweke karibu na kitanda meza ndogo au kigoda, watandike juu yake kitambaa safi, hata kitenge cha mama kikiwa kimefuliwa. Waweke msalaba, kama upo, na mshumaa, na kikombe cha maji. Padri akija, wasipige kelele njiani, maana anachukua Sakramenti. Mmoja atangulie na taa. Wakati wa maungamo wote watoke nje. Wakiitwa waingie tena, wapige magoti, waseme Baba Yetu pamoja na mgonjwa, polepole, wamngojee akipungukiwa na pumzi.